Jina moja la kufikia seva ya nyumbani, hata stima ikipotea na namba ikabadilika

Mwanzoni niliwapa ndugu zangu namba. Seva yangu ni laptopu ya zamani inayokaa juu ya kabati la vyombo hapa Migosi, Kisumu, na ndani yake kuna nyimbo za kwaya aliyoiongoza baba yangu huko Kakamega: kaseti 31 nilizozihamisha moja moja, upande A kisha upande B, kila jioni nikitoka kazini. Mama mdogo aliimba alto katika kwaya hiyo, na siku hizi anaishi Lanet, Nakuru. Nilimtumia kwa WhatsApp namba ndefu yenye nukta tatu ndani yake, akaigusa, akasikiliza. Siku ya tisa stima ikapotea usiku, ruta ikazima na kuwaka tena, na asubuhi simu yangu ikalia.

"Mwanangu, ile namba yako leo imenikataa."

"Pole Mama, imebadilika. Nakutumia nyingine sasa hivi."

Nikamtumia. Wiki iliyofuata nikamtumia nyingine. Mara ya nne hakupiga simu kabisa, nami nikajua amechoka kuuliza. Hilo liliniuma. Ndipo nikaanza kutafuta jina, neno moja ambalo angelihifadhi kwenye simu yake mara moja tu, kisha mashine ndizo zihangaike kujua namba ya leo ni ipi.

Haya hapa ndiyo niliyojifunza, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa siku ile ya kwanza. Nachukulia kwamba una faiba au intaneti nyingine ya kulipia kwa mwezi, una kompyuta yenye Debian au Ubuntu, na unaweza kuandika amri kwenye terminali bila hofu. Kila ninapoandika jinalako.co.ke, weka jina lako.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo hili, maana wengi hupoteza pesa hapa: jina na njia ni vitu viwili. Mfumo wa majina wa intaneti, yaani DNS, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, kazi yake ni kujibu swali: jina hili namba yake ni ipi? Ukishajibiwa, DNS imemaliza kazi. Haifungui lango, haipiti kwenye ruta, wala haijui kama seva yako imewaka. Ukinunua jina leo bila kuwa na njia, utakuwa umeweka kibao kizuri barabarani kinachoelekeza watu ukutani. Kwa hiyo tunaanza na njia.

Hatua ya 1: Chunguza kama una anwani yako mwenyewe

Fungua ukurasa wa ruta yako. Namba yake huandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1, pamoja na jina la mtumiaji na neno la siri. Tafuta palipoandikwa WAN, yaani upande wa ruta unaotazama intaneti. Hapo utaona anwani ya IP, yaani ile namba yenye nukta tatu, ambayo kampuni ya intaneti imeipa ruta yako. Iandike kwenye karatasi. Kisha, kwenye kompyuta iliyo ndani ya nyumba, andika:

curl -4 ifconfig.me

Hiyo itakurudishia anwani ambayo dunia ya nje inaiona. Linganisha hizo mbili. Zikifanana, una anwani ya umma, na hata kama hubadilika kila stima ikipotea, tutaimudu. Zikitofautiana, angalia ile ya WAN inaanzaje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya kitu kinachoitwa CGNAT. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, pia hiyo si anwani ya umma.

CGNAT inaeleweka vizuri ukifikiria ploti. Ploti ina nyumba kumi na mbili na geti moja barabarani. Wewe ukitoka kwenda dukani, unapita getini na kurudi bila shida, mlinzi anakujua. Lakini mgeni akija na kusema tu "nimetumwa ploti hii," bila mtu wa ndani aliyemwambia mlinzi amtarajie, mlinzi atampeleka nyumba gani? Atamrudisha. Anwani za IPv4, hizi za kawaida zenye nukta tatu, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima na zilishaadimika, kwa hiyo kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Fungu lile la 100.64 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo. Kuvinjari, WhatsApp na video huendelea kama kawaida kwa sababu wewe ndiye unayeanza mazungumzo. Anayeumia ni mtu anayetaka wageni waje kwake.

Nayasema haya kwa uchungu. Nilipohamia Migosi nilibadilisha kampuni ya intaneti, nikakaa siku tatu nikifungua poti (milango yenye namba ambayo programu hupokelea wageni) kwenye ruta, nikizima fayawoli (ukuta wa kuzuia wageni wasiotakiwa), nikiwasha, nikipangua na kupanga upya seva nzima. Kila kitu kilikuwa sawa. Siku ya tatu ndipo nilipotazama ile WAN na kukuta inaanza na 100.72. Hakuna mpangilio wowote wa ruta yangu ambao ungesaidia, kwa sababu geti lililofungwa halikuwa langu.

Tahadhari mbili. Kwanza, WAN ikianza na 192.168, huenda tatizo liko sebuleni kwako: una kisanduku cha faiba ambacho chenyewe ni ruta, kisha umeunganisha ruta yako nyingine nyuma yake. Chunguza WAN ya kile kisanduku cha kwanza. Pili, ukiwa umesakinisha Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha, kompyuta yako itaonyesha anwani inayoanza na 100 pia. Hiyo ni ya Tailscale na haina uhusiano na kampuni yako. Inayotuhusu hapa ni ile ya kwenye ruta.

Ukibaki na shaka, pigia kampuni yako na uulize hivi, kwa maneno haya haya: "Laini yangu ina anwani ya umma ya IPv4 au iko nyuma ya CGNAT? Na mnauza anwani isiyobadilika?" Anayepokea simu asipoelewa, omba kuunganishwa na fundi. Zipo kampuni zinazouza anwani isiyobadilika kwa ada ya mwezi, hasa kwa wateja wa biashara. Kwa nyimbo za kwaya sikuona haja ya kuilipia.

Uliza pia kuhusu IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani. Ukiwa nayo, kila kifaa nyumbani kinaweza kuwa na anwani yake ya umma (za Afrika hutoka fungu linaloanza na 2c), na jina lako litahitaji rekodi ya AAAA, yaani mstari wa DNS unaotaja anwani ya IPv6. Shida ni kwamba mgeni ambaye mtandao wake hauna IPv6 hatafika, na mama mdogo anatumia bando la simu popote alipo. Mimi siitegemei peke yake.

Hatua ya 2: Tuliza seva mahali pamoja

Laptopu ya zamani ni seva nzuri kuliko watu wanavyodhani, na sababu kubwa ni betri: stima ikipotea, yenyewe inaendelea. Lakini ikague kwanza. Ikiwa sehemu ya chini imebinuka au kipanya cha kugusa kimeinuka, betri imefura, na betri iliyofura haikai kwenye nyumba yenye watoto wala isiyo na watoto. Iondoe na umpelekee fundi.

Ili laptopu isilale ukiifunga kifuniko, fungua faili ya /etc/systemd/logind.conf, andika mstari huu, kisha uiwashe upya:

HandleLidSwitch=ignore

Iunganishe na ruta kwa waya, usitegemee waifai. Kisha kwenye ruta, sehemu ya DHCP, inayogawa anwani za ndani, ifungie anwani moja ya ndani kwa kutumia namba yake ya MAC, yaani kitambulisho cha kadi yake ya mtandao. Yangu ni 192.168.1.50. Usipofanya hivi, siku moja ruta itaipa seva namba nyingine na simu ya mtoto itapewa ile ya zamani, na wageni wako wataelekezwa kwenye simu ya mtoto.

Betri ya laptopu haisaidii ruta ikiwa imezima. Kuna UPS (betri za akiba) ndogo za volti 12 zinazotosha ruta na kisanduku cha faiba. Angalia tu volti na ncha ya waya vilingane na vya ruta yako. Na kwa sisi tunaokaa karibu na ziwa, ambako radi ni nyingi, weka kizuia mshtuko wa umeme kwenye soketi. Faiba yenyewe ni kioo na haipitishi umeme, kwa hiyo radi huingilia kwenye waya wa stima.

Mimi natumia Navidrome kwa muziki, nayo husikiliza kwenye poti 4533. Picha zingekuwa Immich, poti 2283. Programu yoyote utakayochagua, fanya jambo hili kabla ya kuifungulia dunia: ifungue wewe mwenyewe kwanza ukiwa nyumbani na utengeneze akaunti ya msimamizi. Navidrome, kwa mfano, humpa usimamizi yeyote anayeifungua wa kwanza. Usikubali huyo awe mgeni.

Hatua ya 3: Pata jina, na lisajiliwe kwako

Majina yanayoishia .ke husimamiwa na KeNIC, na huuzwa na mawakala wake wenye leseni, wengi wao wakipokea M-Pesa. Kwa biashara kuna .co.ke, kwa mtu binafsi kuna .me.ke, kwa mashirika yasiyo ya faida kuna .or.ke, na kuna .ke yenyewe bila kitu katikati. Jina la .com pia litafanya kazi ile ile. Chagua fupi, linalotamkika kwenye simu bila kurudia herufi. Usiweke kistari. Jaribu kumwambia mtu mzima jina lako kwa sauti, halafu aliandike. Akikosea mara mbili, tafuta jingine.

Linganisha bei ya kuhuisha, si ile ya mwaka wa kwanza, kwa maana ofa ya mwaka wa kwanza huwavuta wengi na mwaka wa pili wakashtuka.

Na tafadhali, lisajili kwa barua pepe yako na kwenye akaunti yako. Jina langu la kwanza nilisajiliwa na duka moja la kompyuta. Nililipa, nikapewa risiti, nikafurahi. Duka lilipofungwa ndipo nilipogundua kwamba jina lilikuwa kwenye akaunti yao, kwa barua pepe yao, na mimi sikuwa mahali popote. Mwaka ulipokwisha sikuweza kulihuisha. Nililiacha liende. Kwa hiyo sasa hata nikimsaidia mtu, namkalisha mbele ya kompyuta yeye mwenyewe, aandike neno lake la siri mwenyewe.

Baada ya kununua, amua nani atajibu maswali ya DNS. Wakala anaweza kukufanyia, lakini mimi huhamishia seva za majina kwenye Cloudflare, kampuni ya huduma za intaneti, kwa sababu ni bure, mabadiliko huonekana haraka, na ina handaki tutakaloliona hapa chini. Unafungua akaunti, unaongeza jina lako, unapewa seva mbili za majina, kisha unarudi kwa wakala na kuziweka mahali pa zile za zamani. Inaweza kuchukua saa kadhaa. Kunywa chai, usibadilishe tena kila dakika tano.

Hatua ya 4, kwa mwenye anwani ya umma: rekodi inayojisasisha

Kama Hatua ya 1 ilikuonyesha namba zinazofanana, njia yako ni hii. Kwenye ruta, tafuta sehemu ya kuelekeza poti na uelekeze poti 80 na 443 za TCP kwenda 192.168.1.50. Hizo mbili tu.

Kisha unahitaji kitu kinachotazama namba ya nyumbani na kuisasisha ikibadilika. DuckDNS hufanya hivyo bure. Fungua akaunti, chukua jina dogo na tokeni, kisha kwenye seva andika crontab -e na uongeze mstari huu:

*/5 * * * * curl -s "https://www.duckdns.org/update?domains=jinalako&token=TOKENI_YAKO&ip=" >/dev/null 2>&1

Kila dakika tano seva itajitangaza: niko hapa, namba yangu ni hii. Mwisho wa mstari, ip imeachwa tupu makusudi ili DuckDNS iisome namba yenyewe. Tokeni hiyo ni siri kama neno la siri lolote. Usiipige picha na kuituma kwenye kikundi ukiomba msaada.

Sasa lishike jina lako zuri kwenye hilo la DuckDNS. Kwenye dashibodi ya DNS, ongeza rekodi ya CNAME, jina liwe muziki, na lielekee jinalako.duckdns.org. Rekodi ya CNAME ni kusema "anayeuliza muziki.jinalako.co.ke, aulize kule." Itumie kwa jina dogo kama muziki au picha, si kwa jinalako.co.ke lenyewe, kwa kuwa kanuni za DNS haziruhusu CNAME kwenye shina la jina. Ukiwa Cloudflare, liache wingu liwe la kijivu, lisiwe la chungwa. Likiwa la chungwa wageni hupitia kwao kwanza, na utakapokuja kutafuta cheti cha usalama, kile kinachowezesha mawasiliano ya mgeni na seva yako yasimbwe, utachanganyikiwa.

Hakikisha:

dig +short muziki.jinalako.co.ke

Namba ya mwisho inapaswa kuwa ile uliyoipata kwa curl. Ikiwa ndivyo, ruka hadi Hatua ya 5.

Hatua ya 4, kwa aliye nyuma ya CGNAT: mwache seva atoke mwenyewe

Rudi kwenye ploti. Mgeni haruhusiwi kuingia, lakini wewe unaruhusiwa kutoka. Basi toka wewe, ukutane na wageni mahali pa wazi, na uishike simu ikiwa hewani muda wote. Handaki hufanya hivyo: programu iliyo ndani ya seva hupiga nje, hushikilia mawasiliano, na wageni hupitia humo humo kurudi kwako. Hakuna poti ya kufungua kwenye ruta. Namba ikibadilika, handaki hujiunga tena lenyewe. Mimi niko hapa sasa, na kwa kweli hata ningepata anwani ya umma kesho ningebaki hapa kwa ajili ya nyimbo.

Kwenye Cloudflare, ingia sehemu ya Zero Trust, utafute Tunnels, utengeneze moja na kuipa jina. Watakuonyesha namna ya kusakinisha programu ya cloudflared kwenye mfumo wako, halafu watakupa amri ndefu yenye tokeni:

sudo cloudflared service install TOKENI_NDEFU

Ibandike, bonyeza Enter, na baada ya muda mfupi dashibodi itaonyesha kwamba handaki limeunganishwa. Kisha ongeza jina la nje: muziki, chini ya jinalako.co.ke, aina ya huduma HTTP, na anwani localhost:4533. Rekodi ya DNS itajiandika yenyewe, na cheti cha usalama upande wa mgeni kipo tayari. Usishangae kuona kazi ya siku tatu imeisha kwa dakika ishirini. Mimi nilikaa nikitazama ile skrini nikidhani nimekosea.

Lakini jua unachokubali. Mawasiliano ya mgeni husimbuliwa kwenye mashine za Cloudflare kabla ya kuja kwako, kwa hiyo wao wanaweza kuyaona. Kwa nyimbo za kanisa sina tatizo. Kwa barua za daktari na vyeti vya ardhi, nisingeweka. Pia, kwenye mpango wa bure, faili moja inayopakiwa kwa mkupuo haiwezi kuzidi MB 100, jambo litakalokusumbua ukitaka kupandisha video ndefu kutoka kwenye simu.

Asiyetaka mtu wa katikati aweze kusoma anaweza kukodi seva ndogo ya wingu yenye anwani ya umma na kuunganisha nyumbani kwake kwa WireGuard, programu ya kutengeneza handaki lililosimbwa. Jina litaelekezwa kwenye seva hiyo kwa rekodi ya A (inayotaja anwani ya IPv4), na poti 443 ipelekwe kama ilivyo hadi nyumbani, cheti kikiwa nyumbani. Kwenye mpangilio wa WireGuard upande wa nyumbani, usisahau mstari huu:

PersistentKeepalive = 25

Huo hutuma salamu kila sekunde 25 ili yule mlinzi wa getini asikusahau. Bila huo, handaki litafanya kazi ukilijaribu kisha lifie kimya kimya, nawe utatafuta kosa mahali pengine.

Na kama anayefika kwenye seva ni wewe peke yako au watu wawili wa nyumbani, usitangaze chochote. Sakinisha Tailscale kwenye seva na kwenye simu zenu, basi. Ninaipenda sana kwa mambo yangu binafsi. Haikumfaa mama mdogo kwa sababu sikutaka kumwekea programu nyingine ya kuingia kwa akaunti.

Hatua ya 5: Bawabu na cheti

Hii ni ya wale waliofungua poti. Unahitaji programu ya kusimama mlangoni, ipokee wageni wa poti 443, iwaulize wametafuta jina gani, na iwapeleke chumba kinachofaa. Caddy hufanya hivyo na pia hukuombea cheti cha bure kutoka Let's Encrypt.

sudo apt install caddy

Kisha kwenye faili ya /etc/caddy/Caddyfile, futa kilichopo na uandike:

muziki.jinalako.co.ke {
    reverse_proxy localhost:4533
}

Washa upya kwa sudo systemctl reload caddy. Kwa kawaida cheti hupatikana chini ya dakika moja. Vyeti vya Let's Encrypt vimekuwa vya siku 90, na Caddy huvihuisha bila kukuuliza. Kisipopatikana, usirudie rudie: ukishindwa mara tano ndani ya saa moja kwa jina lile lile, utasubiri. Soma journalctl -u caddy kwa utulivu. Karibu kila mara chanzo ni poti 80 haijafika kwenye seva, au dig bado inatoa namba ya zamani.

Ukitaka kuongeza picha, andika fungu jingine lenye jina picha.jinalako.co.ke na poti 2283, na CNAME yake. Jina moja ulilolinunua linakupa majina madogo mengi bila kulipia zaidi.

Hatua ya 6: Funga kila kisichohitajika

Cheti kikishatolewa, jina lako huandikwa kwenye daftari la wazi la vyeti, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Kwa hiyo usidhani kwamba kwa kuwa hujamwambia mtu, hakuna anayejua. Nilipowasha Caddy kwa mara ya kwanza, sikuwa nimemaliza chai kabla ya kuona kwenye kumbukumbu watu wasiojulikana wakitafuta /wp-login.php, ukurasa ambao sijawahi kuwa nao. Ni mashine zinazobisha kila mlango. Usiogope, lakini usiache mlango wazi.

Fayawoli ya seva iwe hivi, na mstari wa mwisho uwe wa mwisho kweli ili usijifungie nje:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw allow 80,443/tcp
sudo ufw enable

Aliye kwenye handaki hahitaji ule mstari wa katikati. Poti 22 ya SSH, njia ya kuingia kwenye seva na kuandika amri ukiwa mbali, isielekezwe kutoka nje hata kwa usiku mmoja. Ukihitaji kuingia ukiwa safarini, pitia Tailscale au WireGuard. Tumia funguo za SSH na uzime kuingia kwa neno la siri. Ukurasa wa ruta usionekane kutoka nje, na UPnP izimwe, kwa sababu huruhusu kifaa chochote ndani ya nyumba kujifungulia poti bila kukuuliza.

Wanaotumia Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makasha, sikilizeni hapa: poti inayochapishwa na Docker hupita pembeni ya ufw. Unaweza kuamini umefunga na kumbe iko wazi kwa mtandao mzima wa nyumbani. Andika 127.0.0.1:4533:4533 badala ya 4533:4533, ili ni Caddy au cloudflared pekee zinazoifikia.

Sasisha mfumo kila wiki. Na uwe na nakala nje ya nyumba: diski yangu ya nakala iko kwa dada yangu Bungoma, nami huibadilisha nikienda kumtembelea.

Hatua ya 7: Jaribu ukiwa nje

Zima waifai kwenye simu, washa data, kisha ufungue jina. Jaribio la waifai ya nyumbani halikwambii ukweli. Ruta nyingi haziwezi kukupeleka nje na kukurudisha ndani kwa anwani yako mwenyewe, kwa hiyo unaweza kukuta jina linakataa nyumbani huku linafungua vizuri Nakuru. Watu wameharibu mpangilio mzima uliokuwa sawa kwa sababu ya hili. Dawa yake ni kwenye ruta, kama inaruhusu, kuandika kwamba muziki.jinalako.co.ke ndani ya nyumba ni 192.168.1.50. Aliye kwenye handaki hana shida hii.

Halafu fanya jaribio gumu: zima stima ya ruta kwa dakika kumi, iwashe, na usiguse kitu kingine chochote. Hesabu ni dakika ngapi hadi jina lifungue tena. Kwangu handaki lilirudi kabla ya dakika tatu. Zima na uwashe seva pia, kwa maana programu uliyoiwasha kwa mkono na kusahau kuiweka ijiwashe yenyewe utaijua siku hiyo.

Weka tarehe ya kuhuisha jina kwenye kalenda ya simu, mwezi mmoja kabla, na hakikisha barua pepe uliyosajilia bado unaisoma.

Mimi nilipomaliza nilimtumia mama mdogo jina, si namba. Usiku huo stima ilipotea Migosi nzima. Asubuhi simu ikalia na nikajiandaa kuomba msamaha.

"Mwanangu, ule wimbo wa tatu kwenye kaseti ya pili, anayeanza pale juu ni dada yangu, marehemu mama yako. Ulikuwa unajua?"

Sikujua. Kwenye faili nilikuwa nimeandika tu "Sauti ya kwanza". Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima, yeye akisikiliza Lanet na kunitajia majina, mimi nikiyaandika kwenye kila wimbo.